Kiziwa na Viziwi Wake

Orodha ya istilahi iliyopita hivi karibuni mikononi mwa walimu na wafasiri kadhaa imependekeza tafsiri ya "aquarium", neno ambalo Mfaransa na Mwingereza huliandika sawasawa na kulitamka kila mmoja kivyake. Tafsiri yenyewe ni hii: "chombo angavu cha kuhifadhia samaki hai wa mapambo". Maneno manane. Kwa kile kidogo kabisa, cha lita 20 au 40, anachonunua mtu anayeanza, wanakamati walioitunga orodha hiyo wamekunja mikono ya mashati na kuongeza "kidogo cha awali". Sasa ni kumi na moja. Mwenye duka akiyatamka yote kwa pumzi moja, samaki aliye ndani ya mfuko wa plastiki atakuwa amekwisha badilika rangi.

Urefu ungesameheka. Kisichosameheka ni "kuhifadhia".

Ufukweni Mahagi-Port, upande wa magharibi wa Ziwa Albert, hakuna mtoto asiyejua maana ya kuhifadhi samaki. Ni kumpasua, kumtoa matumbo, kumtia chumvi na kumwanika, au kumbanika juu ya moshi mpaka awe mgumu kama gome, kisha kumfunga katika mzigo unaopanda vilima kwenda Mahagi mjini na Bunia. Makayabu, kama Wakongo wanavyomwita samaki wa chumvi, amehifadhiwa. Sangara wa moshi amehifadhiwa. Samaki anayeogelea hajahifadhiwa na mtu. Istilahi inayomfanya mama muuza samaki aulize chumvi iko wapi ilihitaji kupita sokoni kabla ya kupita kikaoni.

Wapo pia watetezi wa "tangi la samaki", watu wenye haraka ambao angalau hawauchoshi ulimi. Tangi liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa Kiingereza, na wanaofuatilia nasaba za maneno hulirudisha nyuma hadi kwa Wareno na Wagujarati, kwa hiyo halihukumiwi kwa ugeni. Limezunguka bahari ileile aliyoizunguka Mswahili. Kosa lake ni kazi yake. Tangi huweka akiba: maji ya mvua, petroli, dizeli ya jenereta. Tangi jema ni lile ambalo hakuna kinachoishi ndani yake, na fundi akikuta ukoga kwenye kuta zake huusugua. Anayeambiwa kwamba amenunua tangi hulijaza asubuhi, hutia samaki adhuhuri, na juma likiisha huwazika.

Hapo ndipo tafsiri mbovu inapoua. Samaki hutoa amonia kwa mashavu na kwa kinyesi, na maji mapya hayana wa kuishughulikia. Zipo bakteria zinazoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nyingine zinazoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Jamii hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kuota mizizi juu ya mchanga, mawe na chujio, na katika maji kidogo kosa dogo hukolea upesi. Ndiyo maana chombo kidogo humwadhibu anayeanza kuliko kikubwa, kinyume na anavyodhani kila mnunuzi. Kitu chenye wakazi wengi hivyo hakiwezi kuitwa kwa jina la pipa.

Na wale wanaotaka kuandika "akwariamu" na kwenda kulala, wajue wanachokikopa. Kwa Kilatini aquarium palikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe. London, bustani ya wanyama ilipofungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, jina la kitu hicho halikuwa limetulia; waliosema vivarium, yaani mahali pa viumbe hai, hawakuwa wachache. Aliyelipa nguvu neno aquarium ni Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe vya bahari, kwa kitabu chake cha mwaka 1854, The Aquarium. Miaka michache kabla yake mwanakemia Robert Warington alikuwa amekwisha onyesha kwamba samaki, mimea ya majini na konokono wanaweza kuishi pamoja katika chombo kimoja wakitegemeana. Warington alikielewa kitu. Gosse alikipa jina. Na jina lilikuwa la hori. Wafugaji wa vilima vya Ituri wangeshangaa kuona wataalamu wakisafiri hadi Roma kuazima mahali pa kunyweshea ng'ombe.

Neno analolitetea mwandishi wa makala haya ni kiziwa, wingi, viziwa. Anayeogopa kuchanganywa na dimbwi la barabarani aseme kiziwa cha kioo. Udogo umo tayari ndani ya ki-, kwa hiyo ule mkia wa "kidogo cha awali" unakatika wenyewe.

Ziwa ni neno kongwe katika Kibantu. Wanaisimu hulijengea mzizi wa kale, diba, wenye maana ya maji yaliyotuama. Kiswahili kikaigeuza di kuwa zi, na b ikalegea kuwa w. Kilingala kikabaki na b yake: liziba. Ng'ambo ya Ziwa Albert kwa Wanyoro, na mbele zaidi kwa Waganda, bwawa la kufugia samaki huitwa ekidiba. Msomaji na alitazame silabi kwa silabi: e- ya mwanzo ni desturi ya lugha hizo, ki- ni ki-, na diba ni ziwa. Ekidiba ni kiziwa, ndugu wa damu, na tayari kina samaki ndani. Hoja hii peke yake ingefunga mjadala katika kikao chochote ambacho wajumbe wake husoma karatasi wanazogawiwa.

Waalur wa Mahagi, ambao lugha yao si ya Kibantu, huita ziwa nam, na hawajawahi kuunda kamati kwa ajili hiyo. Ziwa lao, kwa kweli, limebatizwa mara nyingi kuliko linavyostahili: Mwitanzige kwa Wanyoro, yaani muua nzige, Albert, tangu Samuel Baker alipolifikia mwaka 1864, Mobutu Sese Seko, enzi za Zaire. Majina ya ofisini yalikuja yakaondoka, ziwa likabaki ziwa.

Wapinzani wana hoja tatu. Ya kwanza wanaipenda sana: eti kiziwa kinafanana na kiziwi. Watu hawahawa hutofautisha chuo na choo kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kupeleka vyeti pasipostahili. Ya pili, iliyosemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba ziwa ni titi pia. Ni kweli. Ila nchi za Maziwa Makuu zimekuwa na mikutano ya marais chungu nzima, na hakuna mjumbe aliyefika na kikombe cha chai.

Ya tatu ina uzito. Kiziwa, wanasema, tayari ni kijidimbwi cha maji, na kamusi zinajua hivyo. Ndivyo hasa! Unguja yuko samaki wa sentimita 5 hivi, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kitaalamu na Georg Pfeffer mwaka 1893. Maisha yake yote ni katika vijidimbwi vya mvua. Kiangazi kikifika maji hukauka na wazazi hufa. Mayai husubiri ndani ya tope mpaka mvua irudi. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai hayo kwa posta, yakiwa ndani ya mboji yenye unyevu kidogo. Kiumbe aliyeumbwa aishi katika kiziwa cha Unguja, akianguliwa katika kiziwa cha kioo huko Hamburg, amehama nyumba, neno halikuhama.

Jina la samaki huyo lina kisa ambacho watunga orodha wangenufaika nacho. Aliyetukuzwa ni Albert Günther wa London, na Günther huyo ndiye, mwaka 1866, aliyempa samaki mwingine mdogo jina la R. J. Lechmere Guppy wa Trinidad. Ikabainika kwamba Wilhelm Peters alikwisha mtaja samaki huyohuyo mwaka 1859, na leo vitabu vinamwita Poecilia reticulata. Kanuni ya aliyetangulia ikalifuta jina la Günther. Dunia nzima ikaendelea kusema gapi. Kiswahili nacho kina makaburi na mahekalu yake: runinga ilipenya vyumba vya habari, tarakilishi (kompyuta) imebaki zaidi madarasani, na ngamizi, ya maana ileile, haijulikani ilizikwa wapi. Neno huishi likiwa na wa kulisema.

Kuhusu matumizi, kwa haraka, maana nafasi inakwisha. Mtoto wa Mahagi-Port atataka kujaza kiziwa chake kwa samaki walio karibu, na karibu wote hawafai. Ngege mchanga apendezaye katika beseni hukua kupita urefu wa chombo chenyewe. Sangara hufikia mita 2. Ndiye yuleyule aliyechukuliwa Ziwa Albert miaka ya 1950 akapandwa katika maziwa ya Kyoga na Victoria, na kilichowapata wenyeji wadogo wa Victoria kinajulikana. Muziri, dagaa wa huku, ana umbo dogo la kutosha lakini ni samaki wa makundi makubwa na maji mapana. Kati ya kioo na kioo hana maisha. Tetra wa Kongo, fahari ya nchi, hufika sentimita 8 na hutaka wenzake sita au zaidi, kwa hiyo naye asubiri chombo kikubwa. Samaki wa dhahabu, ambaye si wa dhahabu bali wa rangi ya chungwa (tafsiri nyingine hiyo, lakini tusifungue kesi mbili kwa siku moja), hukua kupita sentimita 20 na huchafua maji kama bata.

Wanaofaa ni wachache. Beta wa Thailand, dume mmoja na peke yake, maana akiona dume mwenzake hupigana: lita 20 zinamtosha, na kwa kuwa hupanda juu kuvuta hewa, hatakufa usiku ule umeme ukikatika na pampu ikinyamaza. Gapi madume wanne, lita 40. Atakayechanganya majike atahesabu watoto kila mwezi. Anayetaka wa kanda yake amtafute Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, mwenye sentimita 4 hivi, anayeishi ndani ya magamba matupu ya konokono na kupenda maji magumu. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa Bujumbura, alisafirisha samaki wa ziwa hilo kwa ndege hadi Ulaya, huku Waswahili wakibishana watakiitaje chombo cha kuwapokelea. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Kabla ya samaki kuingia, chembe ya chakula chao idondoshwe majini kila siku ili bakteria zipate kula.

Mwandishi alilipeleka neno kiziwa mbele ya kamati mara mbili, pamoja na jedwali la liziba na ekidiba. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba pendekezo limepokelewa. Mara ya pili hakujibiwa. Aliye na kioo chake cha lita 20 nyumbani asingoje kikao: aandike ubavuni KIZIWA, chini yake tarehe aliyotia maji, na samaki wa kwanza asiingie kabla wiki 4 hazijapita.