Fungu la Kijiji: Fedha za Mabaraza na Miradi ya Wakaazi katika Mpaka wa Busia na Tororo, 1997–2013

Mwaka 1997, Wilaya ya Busia ilipomegwa kutoka Tororo nchini Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka huo huo ilikipa kijiji haki ya fedha. Baraza la gombolola lilibakiza asilimia 65 ya mapato liliyokusanya, na asilimia 25 ya fungu hilo ilipaswa kurudi vijijini, ambako wakaazi wangeweza kuamua wenyewe kukarabati kisima au njia.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, sheria ya mwaka 1998 iliunda hazina ya LATF, iliyoyagawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa. Kuanzia 2001, mpango wa LASDAP uliyataka mabaraza hayo yachague miradi pamoja na wakaazi wa kila wodi.

Mifumo hii ilitofautiana katika chanzo cha fedha. Fungu la Uganda lilitegemea mno kodi ya kichwa. Kodi hiyo ilichukiwa kwa mabavu ya ukusanyaji wake, na iliposimamishwa mwaka 2005 wengi walifurahi. Lakini asilimia 25 ya kijiji sasa ilitolewa katika kapu lililopungua. Nchini Kenya, mabaraza yenyewe yalivunjwa mwaka 2013 kaunti zilipoanza, na LASDAP ikakoma nayo.

Historia hii yaonyesha kwamba haki ya mkaazi kuchagua mradi haidumu kuliko fedha zinazoibeba. Mshauri wa sera anayependekeza bajeti shirikishi hana budi kuuliza kwanza ni nani awezaye kukifunga chanzo chake.