Bodi Bila Kipimo: Amri ya 1973 na Mafundi wa Mlima Kenya

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoruhusu magari madogo kubeba abiria kwa nauli bila leseni ya Halmashauri ya Leseni za Uchukuzi, TLB. Kabla ya hapo, mwenye pikapu aliyewapakia akina mama wa soko kutoka Karatina hadi Nyeri mjini na kupokea senti zao alikuwa akivunja sheria, na polisi wakimkuta alijua la kufanya: kulipa au kulala ndani. Baada ya amri, matatu ilitoka mafichoni. Katika miji ya eneo la Mlima Kenya, kuanzia Othaya, Mukurwe-ini na Kerugoya hadi Embu, Meru na Nanyuki, watu waliokuwa na akiba ya kahawa au ya chai wakaona mahali pa kuiweka.

Amri ile haikusema kwamba gari libebe watu likiwa bovu. Wenye matatu walitakiwa bado kukata bima na kufuata sheria za barabarani. Lakini ukaguzi wa magari ya abiria ulikuwa umefungwa pamoja na leseni, hivyo leseni ilipoondolewa, mkaguzi naye akabaki bila kazi. Na hata kama angebaki kazini, angepima kwa kigezo gani? Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilianza kazi mwaka uliofuata, 1974. Matatu ilihalalishwa katika nchi ambayo shirika lake la kuandika vipimo vya ubora lilikuwa halijaanza kazi.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye historia ya matatu humpita upesi ikikimbilia madereva, makanga na muziki. Ni fundi wa bodi.

Gari la miaka ile lilikuwa Peugeot 404, baadaye 504, aina ya pikapu. Lilinunuliwa likiwa na kichwa na nyuma wazi. Fundi aliinua mabomba ya chuma, akayachomelea kuwa fremu, akaifunika kwa mabati, akakata madirisha, kisha akaweka mabenchi mawili marefu kando kando, abiria wakitazamana goti kwa goti. Watu waliliita "face-me". Mlango ulikuwa nyuma, na mara nyingi ulikuwa huo mmoja tu. Juu ya paa ilifungwa keria ya kupakia viazi, kabichi na magodoro. Uzito huo wote wa juu ulishikwa na nguzo nyembamba ambazo fundi alizichagua kwa jicho na kwa bei, maana hakuna aliyewahi kumpa jedwali la unene wa chuma. Gari likibingirika katika kona za mlimani, paa lilikuwa ndilo la kwanza kushuka.

Haikuwa sadfa kwamba kazi hii ya bodi ilishamiri huku. Wakulima walikuwa na fedha za msimu, vijiji vimepangwa juu ya matuta, na mabasi makubwa yalifuata barabara kuu na kuwaacha watu wa ndani watembee. Tena watu wa Nyeri walipenda ufundi. Mwaka 1972 wananchi walianzisha kwa harambee Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mwaka huohuo ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti kuhusu ajira Kenya, ukiisihi serikali iache kubomoa vibanda vya mafundi wadogo na ipunguze mzigo wa leseni unaowakaba. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na bado ni ya haki. Fundi anayefanya kazi juani hawezi kulipa ada anayolipa mwenye kiwanda.

Viwanda navyo vilikuwa njiani. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilishirikiana na kampuni za kigeni kuweka mitambo mitatu ya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors Nairobi, na AVA Mombasa. Thika iko kwenye barabara ileile ya kupandia Nyeri. Kwa hiyo kulikuwa na lori lililoungwa kiwandani kwa michoro ya wahandisi, na matatu iliyoungwa kwa kukadiria, yakipishana kwenye daraja moja huko Sagana.

Amri ya 1973 ilikuwa msamaha, na Marekani nayo huwasamehe watengenezaji wadogo. Kampuni isiyozidi magari 10,000 kwa mwaka inaweza kuomba isifungwe na sharti fulani la usalama ikithibitisha kwamba kulitimiza kutaitia katika shida kubwa ya kiuchumi. Lakini huo ni msamaha wa kuombwa: kampuni ionyeshe kwamba imejitahidi kwa nia njema, ipewe muda usiozidi miaka mitatu, kisha gari libandikwe kibandiko kinachomwambia mnunuzi ni sharti gani halikutimizwa. Wetu haukuwa na ombi, haukuwa na muda, wala kibandiko. Abiria aliyepanda gari pale steji ya Karatina hakuambiwa kitu.

Mwaka 1984 Bunge lilibadilisha Sheria ya Trafiki, likaitambua matatu kuwa gari la abiria linalopaswa kupata leseni na kukaguliwa. Kwa maandishi msamaha uliishia hapo. Kwa vitendo, mkaguzi alitazama taa, breki, usukani na magurudumu. Fremu ilikuwa imeshafunikwa kwa mabati na rangi, na hakuna aliyekuja kuitazama ikiwa bado uchi kwenye gereji.

Kisha likaja gari la watu 14, Toyota HiAce na Nissan Caravan, mengi yakiwa yametumika Japani. Hapa kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hata mabenchi ya zamani. Gari lililotumika hukaguliwa kwa kiwango cha KS 1515, kinachodai pamoja na mengine kwamba lisizidi umri wa miaka minane. Sasa mengi ya magari hayo yalitengenezwa kubeba mizigo, ubavu wake ni chuma kitupu. Yakishapita ukaguzi yanapelekwa kwa fundi, ubavu unakatwa kutiwa vioo, sakafu inatobolewa, viti vinafungwa. Kile kilichokaguliwa na kile anachopanda abiria ni magari mawili tofauti yenye nambari moja ya usajili.

Waziri John Michuki, mwana wa Murang'a na mbunge wa Kangema, ndiye aliyejaribu kwa nguvu kuliko wote. Kanuni zake zilichapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, zikaanza kushika Februari 1, 2004: mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, marufuku kusimama. Siku za mwanzo watu walitembea kwa miguu kwa sababu magari yalikuwa gereji yakifungwa mikanda. Wakenya wengi wanamkumbuka kwa shukrani, nami ni mmoja wao.

Hata hivyo mkanda humfunga mtu kwenye kiti. Kiti nacho kimefungwa wapi? Kikiwa kimepigwa bolti ndogo kwenye plaiwudi au bati la sakafu, gari likigonga kinang'oka na abiria wake akiwa amefungwa barabara. Mkanda wa kweli huanzia kwenye chesisi, unapanda kwenye mguu wa kiti, ndipo unafika kiunoni. Kanuni za 2004 ziligusa sehemu ile ya mwisho inayoonekana dirishani na askari. Mafundi waliofunga mikanda hiyo usiku na mchana walifunga walichoagizwa.

Kiwango cha bodi zenyewe, KS 372, kilitolewa upya mwaka 2014, miaka miwili baada ya sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Sasa mtengenezaji anatakiwa athibitishwe kabla ya kujenga bodi ya abiria. Uzito wa jambo hilo ulionekana Oktoba 10, 2018 karibu na Fort Ternan, basi lilipopinduka, paa likang'oka lote, na watu zaidi ya 50 wakafa. Nchi ilianza kuuliza nani aliijenga bodi ile, swali ambalo kwa miaka mingi halikuwa na ofisi ya kulijibu.

Mafundi wadogo walinung'unika kwamba kiwango kimeandikiwa wenye viwanda vya Nairobi na Thika. Ninawaelewa. Gharama za kupima, michoro na cheti zinaweza kuifunga gereji ya watu watano. Hapo ndipo wanapostahili kusamehewa: ada ipunguzwe, muda uongezwe, cheti kitolewe Nyeri au Embu badala ya kufuatwa Nairobi. Unene wa nguzo ya paa usipunguzwe hata kidogo, kwa kuwa anayebeba gharama ya punguzo hilo ni abiria, na yeye hakuketi kwenye mazungumzo.

Si kila kifo ni cha bodi. Julai 24, 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi, likaua zaidi ya watu 30, na breki ndizo zilizotajwa. Kwenye poromoko kama lile sidhani nguzo zingewaokoa wengi. Lakini kuna ajali za gari kulala ubavu mtaroni, na hizo bodi imara inaweza kuzibadilisha zikawa za kuvunjika mkono.

Mradi wa kupanua barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, kuwa ya njia mbili kila upande, unaongeza mwendo. Ndani ya kaunti ya Nyeri kuna chuo kikuu chenye idara za uhandisi na kuna mafundi wanaochomelea fremu kila wiki. Mkaguzi akifika kwao siku moja kabla ya mabati kupigwa, akiwa na rula ya kupimia chuma na orodha ya KS 372 iliyoandikwa kwa Kiswahili, atakuwa anafanya kazi iliyoachwa mwaka 1973.