Mkonge na Manamba

Msafiri apitaye Korogwe na Handeni akaona safu za mkonge aweza kudhani kuwa mmea huu ni wa asili yetu. Sivyo. Kama dungusi kakati, umetoka nchi kame za Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Dakta Richard Hindorf aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Mkonge huvumilia jua. Usichovumilia ni maji yanayotuama. Lakini mche wake mchanga huzongwa na magugu, na shamba kubwa hutaka wapaliliaji na wakataji wengi. Ndipo Waha, Wabena, Wamakonde na wengineo walipoletwa Tanga kwa mkataba. Waliitwa manamba, kwani kila mmoja alipewa namba yake.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, katani ndiyo iliyoongoza mauzo yetu ya nje. Vitabu vimehifadhi jina la aliyeileta miche, hata na hesabu yake. Walioitunza hawakuandikwa. Mwalimu afundishaye historia hii na awaulize wanafunzi wake babu zao walitoka wapi. Majina mengine bado yanakumbukwa nyumbani.