Nani Alikuambia Wewe Ni Mjinga?

Nilikuwa darasa la sita mwalimu alipobandika orodha ya alama ukutani. Mimi namba 41 kati ya watoto 46. Hakuna mtu aliniita mjinga siku hiyo. Nilijiita mwenyewe, na nikaamini kwa miaka. Kama na wewe umewahi kusimama mbele ya karatasi kama hiyo ukiomba ardhi ikumeze, kaa hapa kidogo. Hii mambo ya kupima akili ina historia yake hapa Kenya, na si tamu.

Tuanze Mathari. Kuanzia 1938 hadi 1950, hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Nairobi iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ndiyo, WHO hiyo hiyo unayoijua. Carothers alidai eti Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu hiyo. Na kumbuka, Waafrika aliokuwa akiwaona kila siku kazini walikuwa wagonjwa wodini!

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ikachapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau. Humo vita ikaelezwa zaidi kama shida ya akili za Wakikuyu walionaswa katikati ya mila na maisha mapya. Unaona ujanja? Ukishasema mtu ana kasoro kichwani, huna haja ya kumjibu akikuuliza shamba lake liko wapi.

Miaka hiyo hiyo, kule Kampala, daktari Mfaransa Marcelle Geber alikuwa akipima watoto wachanga. Akakuta wa Uganda wanawatangulia wa Ulaya kwa kukaa na kutembea. Wengine wakasema hiyo ni damu tu, Waafrika wamezaliwa hivyo. Ilionekana kama sifa, lakini hesabu ni ile ile ya Carothers: kila kitu ni rangi.

Jibu lilitoka kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis, miaka ya sabini. Mwanasaikolojia Charles Super alienda akakaa huko na kuangalia. Akaona akina mama wanafundisha. Mtoto anachimbiwa kashimo kadogo au anazungushiwa blanketi ili ajifunze kukaa. Anashikwa mikono, anatembezwa. Basi watoto wa Kokwet walikaa na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele. Kumbe si damu. Mtoto anakuwa hodari kwa kile watu wake wanamfunza.

Sasa njoo Usenge, pale kando ya Ziwa Victoria. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walipima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Mtihani mmoja uliuliza kuhusu dawa za miti: mtu akiumwa tumbo, unampa gani? Mingine ilikuwa ile ya kawaida, kama misamiati ya Kiingereza. Matokeo yakatoka 2001. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye mtihani wa Kiingereza. Huyo unayemwita wa mwisho darasani ndiye anayejua jani la kumtibu ndugu yake.

Timu hiyo pia iliuliza Wajaluo wenyewe, mtu mwenye akili ni nani? Wakapata maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Yaani ujuzi, heshima, kufikiria jambo na kulifanya, na kuelewa. Kati ya hayo manne, ni rieko tu iliyoendana na alama za shule. Matatu yaliyobaki hayakuwa na mtihani.

Sisemi mitihani itupwe. Nikipasuliwa, nataka daktari aliyefaulu. Ninachosema ni kwamba kila mtihani una mtu aliyeutunga, na unapima kile huyo mtu alidhani ni muhimu. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa tunaambiwa CBC inaangalia uwezo wa mtoto mzima. Sawa. Lakini tukibadilisha jina la mtihani na tubaki na ile karatasi ukutani, tumefanya nini?

Shosho yangu hakuingia darasani hata siku moja. Anajua deni la kila mtu anayemuuzia mboga, bila kitabu. Mimi namba 41 bado napiga hesabu na simu.

Wewe ulikuwa namba ngapi, na ni kitu gani ulijua ambacho hawakukuuliza? Niandikie hapo chini, nitasoma zote.