Chawa wa kichwani: dawa za nyumbani zenye kusaidia na zile zenye kuunguza watoto

Mwalimu anaona mtoto anajikuna kichwa darasani, anatazama nyuma ya masikio, kisha anamtuma nyumbani. Jioni ile ile mama anauliza jirani, na jirani anajibu: "Umupake petroli, zitakufa zote." Hatari kubwa inaanzia hapo, juu chawa wa kichwani haui mtoto, lakini petroli inaweza.

Petroli, ile mafuta ya taa, inaunguza ngozi ya kichwa na kuumiza macho. Mtoto akiimeza hata kidogo, inaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia kali. Tena nyumba nyingi za kwetu zinapika kwa mbabula na usiku watu wanawasha mshumaa: kichwa chenye petroli kinashika moto mara moja. Esansi ni mbaya kupita petroli, mazutu nayo iachwe kwa magari. Ikitokea mtoto ameinywa, msimlazimishe kutapika, juu ikirudi ndiyo inaingia mapafuni. Apelekwe hospitali palepale.

Kuna pia wazazi wenye kuchukua dawa ya kupulizia nyanya na viazi, ama ile ya unga ya kuua kunguni, wanaipaka mtoto kichwani na kufunga na kitambaa. Hiyo ni sumu yenye kupita ndani ya ngozi. Nyingi kati ya dawa za shamba zinashambulia mishipa ya fahamu: mtoto anatoka mate mengi, anatapika, anatetemeka, anapumua kwa shida. Kama imekwisha kupakwa, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na familia ikimbie naye hospitali pamoja na ile chupa, ili muuguzi ajue ni sumu gani. Maji ya majani ya tumbaku nayo siyo ya kuchezea, juu nikotini inapita ndani ya ngozi. Na ule mti wenye watu wanaponda kwa kuua samaki mtoni, hakuna mtu anayejua kipimo chake kwa kichwa cha mtoto.

Kwa kumshinda chawa, inafaa kujua kwanza maisha yake. Mkubwa analingana na mbegu ya ufuta. Hana mabawa, haruki kama kiroboto. Anatambea tu, kutoka kichwa kimoja hadi kingine vikigusana. Ndiyo sababu watoto wanne wenye kulala godoro moja wanampata wote, na ndiyo sababu familia zenye kukaa katika kambi za wahamaji zinasumbuka naye zaidi. Uchafu siyo chanzo chake: kichwa chenye kuoshwa kila siku kinaweza kuwa naye. Akitoka kichwani anakosa damu, na ndani ya siku moja ama mbili anakufa.

Jike linataga mayai machache kila siku, linayagandisha kwenye unywele karibu na ngozi. Yai linapasuka kisha wiki moja hivi, hata siku kumi. Yule mdogo naye anahitaji kama siku kumi ili aanze kutaga. Hesabu hiyo ndiyo inaonyesha sababu gani dawa ya siku moja inashindwa: inaua wakubwa, mayai yanabaki, na kisha wiki mbili mama anasema "zimerudi" wakati hazikuondoka.

Tena mwasho unachelewa. Kwa mtoto mwenye kupata chawa mara ya kwanza, kujikuna kunaweza kuanza kisha wiki nne ama zaidi. Kwa hiyo siku anapoanza kujikuna, ndugu zake wako nazo tayari. Wachunguzwe wote siku moja, na mama mwenyewe pia. Njia ya kutofautisha yai na mba ni rahisi: mba inapeperuka ukiipuliza, yai halitoki mpaka ulivute kwa kucha.

Dawa ya nyumbani yenye kufanya kazi kweli ni chanuo, lile la meno madogo yenye kukaribiana sana. Fumua kwanza misuko na kutoa meshi zote. Lowanisha nywele, pakaa mafuta ya kupikia kwa wingi, mawese ama ya karanga, ili chanuo liteleze na chawa wasikimbie. Kaa kwenye mwangaza wa mchana, gawa nywele mafungu madogo, na chana kuanzia kwenye ngozi mpaka mwisho. Kila mara futa chanuo kwenye kitambaa cheupe: utaona wenyewe. Rudia kila siku ya tatu ama ya nne, kwa wiki mbili. Ni kazi ya kuchosha, hasa kwa nywele ngumu, lakini haina sumu. Mafuta peke yake, bila chanuo, hayatoshi. Siki vilevile: wengi wanaisifu, lakini haiui mayai, na kwenye vidonda inachoma.

Kunyoa kunamaliza kazi kwa siku moja, na kwa wavulana ndiyo njia ya bei ndogo kupita zote. Wembe uwe mpya kwa kila kichwa, juu wembe wa kupokezana unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Msichana mkubwa asinyolewe kwa nguvu. Aibu hiyo inaweza kumfanya akatae masomo.

Vitambaa vya kichwa, kofia na foronya vioshwe kwa maji ya moto sana na kuanikwa juani, ama vipigwe pasi. Kupuliza dawa nyumba nzima ni kutupa franga.

Penye franga kidogo, farmasia zinauza losheni ya permetrini ya asilimia 1. Inapakwa, inaoshwa kisha dakika kumi, na inarudiwa siku ya tisa hivi. Ivermektini, ile dawa yenye kugawiwa vijijini kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, inaua chawa pia, lakini mtu asijipe mwenyewe: haipewi watoto wenye uzito chini ya kilo 15 wala mama mwenye mimba bila ushauri wa muuguzi. Mtoto mwenye vidonda vya usaha kichwani ama tezi za shingo zimevimba apelekwe kituo cha afya.

Kuna ndugu mwingine wa chawa, yule wa nguo. Huyu anaishi kwenye mishono, na yeye ndiye anayeleta tifusi. Katika miaka ya 1990 aliambukiza makumi ya maelfu ya watu katika Burundi, wakati vita vilikuwa vimesonga watu kambini bila nguo za kubadilisha. Kwa hiyo chawa wakionekana kwenye mishono ya shati, na mtu yuko na homa kali na kichwa kinamuuma, hapo chanuo halina kazi tena. Nguo zichemshwe, na mgonjwa afikishwe hospitali siku ile ile.