Kuchagua baiskeli ya mashindano kwa fedha chache katika nchi ya milima

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, vijana wengi nchini Rwanda wanatamani kumiliki baiskeli nyepesi yenye usukani uliopinda chini mithili ya pembe za kondoo dume. Katika mbio za mwisho za wanaume, zilizokuwa na urefu wa kilomita 267.5, ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Vilima vilivyowaangusha mabingwa hao ndivyo vinavyomsubiri mnunuzi wa kawaida, naye hana gari la timu nyuma yake wala fundi wa kumbadilishia gurudumu.

Kwa hiyo mtu aliyeweka akiba kwa miezi mingi hana budi kujiuliza maswali tofauti na yale ya mtazamaji. Jina lililoandikwa kwenye fremu halina uzito mkubwa. Muhimu ni kama baiskeli itampandisha mlima, itasimama kwenye mteremko, na kama vipuri vyake vitapatikana pale inapoharibika.

Jambo la kwanza ni kuchagua kati ya mpya na mtumba. Baiskeli mpya ya bei ya chini kabisa, hata ikiwa na umbo la mashindano, mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kizito na breki dhaifu. Kwa fedha hizohizo, mtumba wa daraja la kati huwa bora zaidi, mradi ukaguliwe kwa makini. Ni busara pia kutotumia akiba yote siku ya kununua. Robo ya fedha ibaki kwa ajili ya tairi, waya, mipira ya breki, mnyororo na kofia ngumu, kwa kuwa ni nadra mtumba kufika ukiwa na vitu hivyo vyote vizima.

Kabla ya kutazama chochote kingine, mnunuzi apime kimo chake. Fundi anaweza kubadilisha karibu kila kitu katika baiskeli isipokuwa ukubwa wa fremu. Njia rahisi ni kusimama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, kubana kitabu katikati ya mapaja hadi kifike juu kabisa, kisha kupima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Kipimo hicho kikizidishwa kwa 0.67, hupatikana makadirio ya urefu wa bomba la kiti kwa fremu za umbo la zamani ambazo bomba lake la juu limelala sawa. Mwenye sentimita 80 atatafuta fremu ya 53 au 54. Katika fremu za kisasa bomba la juu huinama, hivyo kipimo hiki hakitoshi: ni lazima kupanda na kushika usukani. Viwiko vikinyooka kabisa na mabega yakivutwa mbele, baiskeli hiyo ni ndefu mno, hata muuzaji aisifie namna gani.

Baada ya ukubwa huja gia, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa mitumba hudanganyika. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye miguu ya mashindano. Sproketi yake ndogo ya mbele huwa na meno 39, na kubwa ya nyuma meno 25. Mzunguko mmoja wa pedeli katika gia hiyo, iliyo nyepesi kuliko zote, husogeza baiskeli takriban mita 3.3. Kwenye tambarare hilo si tatizo, lakini kwenye kilima kikali kama Kimihurura, chenye mawe yaliyopangwa, goti la mwanafunzi au mfanyakazi wa ofisini litalalamika kabla ya mapafu. Baiskeli yenye meno 34 mbele na 32 nyuma husogea mita 2.2 tu kwa mzunguko huohuo, na tofauti hiyo ya mita moja humtenganisha anayepanda akiwa ameketi na anayeshuka kuisukuma kwa mkono. Basi mnunuzi ahesabu meno mwenyewe, moja baada ya jingine. Idadi ya gia inayotajwa na muuzaji haisemi lolote kuhusu wepesi wake.

Kuhusu idadi yenyewe, kidogo si kibaya. Mfumo wa sproketi 8 za nyuma, kama ule wa Shimano uitwao Claris, hauwavutii wapenda fahari, lakini mnyororo wake ni mnene, una bei nafuu na hutumika pia kwenye baiskeli nyingi za kawaida zenye gia 6 au 7. Mfumo wa sproketi 11 hudai mnyororo mwembamba na wa gharama kubwa. Mnunuzi ajaribu kila gia, kupanda na kushuka, kwani katika vishikio vya zamani grisi huganda na kubadilisha gia hushindikana. Kishikio kipya kinaweza kumla mtu sehemu kubwa ya bei aliyonunulia baiskeli yote.

Breki zisiachiwe bahati. Mteremko mrefu hupasha ringi joto, na ringi iliyolika huweza kupasuka. Mnunuzi apitishe kidole ubavuni mwa ringi, mahali mipira ya breki inapogusa: pakiwa pamebonyea kama kijiko, gurudumu hilo limekwisha. Breki za diski zinazovutwa kwa waya ni nzuri, na fundi yeyote makini atazirekebisha. Zile za mafuta hukaba vizuri zaidi, ila kabla ya kuzinunua ni lazima kujua ni nani aliye karibu mwenye vifaa na mafuta yake.

Fremu ya alumini humfaa mwanzilishi, na ya chuma chepesi humfaa pia, ikiwa na faida kwamba ikikatika fundi stadi anaweza kuiunga. Fremu ya nyuzi za kaboni iliyotumika, inayouzwa kwa bei ya kushangaza, iachwe. Ufa wake huweza kujificha chini ya rangi, na haukatiki polepole.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Akishika breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma, mnunuzi atasikia kama gololi za usukani zimelegea. Akitikisa mkono wa pedeli kwa ubavu, atajua hali ya ekseli. Nguzo ya kiti ijaribiwe kama inasogea, kwani iliyogandamana ndani ya fremu huenda isitoke kamwe. Mnyororo upimwe kwa futi ya chuma: kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili ukiwa mpya. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishwe. Ukizidi kwa moja ya nane, sproketi nazo zimeharibika, na bei ishushwe kwa kiasi hicho.

Tairi zina mtego wake. Nambari 28 huandikwa kwenye tairi za baiskeli nzito za kubeba mizigo na abiria, zile za wale ambao Wanyarwanda huwaita abanyonzi, na pia kwenye tairi za mashindano, ilhali haziingiliani. Ringi ya mashindano ya kisasa, yenye alama 700C, ina kipenyo cha milimita 622. Ile nzito aghalabu ni 635. Baadhi ya mitumba ya zamani kutoka Ulaya ina ringi za inchi 27, yaani milimita 630, ambazo tairi zake ni adimu. Mnunuzi asome tarakimu hizo ubavuni mwa tairi. Aangalie pia kama fremu ina nafasi ya tairi pana la milimita 28, kwani lile la 23 ni jembamba mno kwa barabara za mawe, na tairi za kubandikwa kwa gundi hazimfai anayeanza.

Mwisho ni karatasi. Kwenye fremu nyingi nambari ya utambulisho hugongwa chini, mahali ekseli ya pedeli inapopita. Ikiwa imekwanguliwa, mnunuzi aondoke. Ikiwapo, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, tarehe na saini za pande zote mbili, kisha baiskeli ipigwe picha hapohapo, kabla ya fedha kutolewa.