Kabla Upande Mnara, Jua Hadithi ya Aloha

Wasee, kuna kazi inawaangukia vijana wa ufundi siku hizi: kufunga redio za data. Si redio ya muziki. Ni kile kidude kinakaa kwa tangi la maji kule juu mlimani na kuambia pampu iliyo bondeni, "nimejaa, zima." Hakuna waya, hakuna bundles. Shida ni kwamba wengi wetu tunakimbilia kununua antena. Historia inasema tuanze na maneno na ramani.

Turudi Hawaii, 1968. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa kisiwa cha Oahu, lakini matawi yake mengine yalikuwa ng'ambo ya bahari. Laini za simu zilikuwa ghali na hazikuaminika. Profesa Norman Abramson na wenzake wakaamua data ipite hewani. Juni 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ukaanza kazi. Ulikuwa na chaneli mbili tu, 407.350 MHz na 413.475 MHz, na kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Chaneli moja ya kutuma kwenda kituo kikuu, nyingine ya kujibiwa.

Sasa, watu wengi wakishare chaneli moja, nini hutokea? Mgongano. Pakiti mbili zikikutana hewani, zote zinaharibika. Aloha haikujaribu kuzuia hilo. Ilisema hivi: tuma, subiri jibu, ukikosa jibu ngoja muda wa kubahatisha kisha utume tena. Abramson akapiga hesabu, akapata kwamba chaneli kama hiyo, hata ikitumika vizuri kabisa, inapitisha kama asilimia 18 tu ya uwezo wake. 1972 Lawrence Roberts akapendekeza watu watume mwanzoni mwa vipindi vilivyopangwa, na hiyo ikapanda hadi karibu 37.

Cheki maana yake kwa fundi. Ukiambiwa redio inabeba biti 9,600, usiweke vituo hadi hesabu ifike 9,600. Ndiyo maana mitandao mingi ya viwanda hufanya kama mwalimu na daftari la majina: kituo kikuu kinaita kituo kimoja kimoja, na asiyeitwa ananyamaza.

Neno la pili ni la zamani zaidi. Augustin Fresnel, Mfaransa, alichunguza mwanga na akafariki 1827, kabla redio iwepo. Lakini jina lake liko kwa kila mpango mzuri wa redio. Kuona mnara wa pili kwa macho haitoshi! Mawimbi yanahitaji nafasi iliyonenepa katikati, kama yai refu, na hiyo ndiyo eneo la Fresnel. Kwa 400 MHz na umbali wa kilomita 10, nusu-kipenyo chake katikati ni kama mita 43. Mafundi hutaka angalau asilimia 60 iwe wazi, yaani kama mita 26 juu ya miti na mabati. Ukikosa, inua antena au weka ripita mlimani, kituo cha kupokea na kurusha tena.

Na usidhani hii ni stori ya Wahawaii pekee. Simu yako ya GSM ikiomba laini kwa mnara wa mtaani, inatumia ile Aloha ya vipindi. Ethernet nayo ilizaliwa 1973 baada ya Robert Metcalfe kusoma kazi ya Abramson.

Maoni yangu ni haya: tunafunza vijana kukaza nati kabla ya kuwafunza hesabu ya njia. Halafu pampu inanyamaza, kijiji kinakosa maji, na lawama inaenda kwa redio. Mara nyingi redio haina makosa. Hakuna mtu alipanda kilima na ramani mkononi.

Wewe unaonaje?